Tulipe Pesa Mtoto Akacheze na Mapovu?

Kwako Mshauri,

Salamu kutoka Umoja. Mimi ni mama wa watoto wawili. Kifungua mimba wangu ni msichana wa miaka 8, na huyo hana shida, nyumba nzima hatupumui kwa maswali yake. Shida yangu ni mdogo wake, mvulana, ambaye mwezi ujao anatimiza miaka 3 na hasemi.

Nikisema hasemi sina maana kwamba hana sauti. Ana maneno kama kumi hivi. Husema "mama", "mai" akitaka maji, "gai" akiona gari, "toto" kwa kitu chochote cha moto, na "wii" ambayo hadi leo hatujui maana yake. Akitaka kitu kingine hunishika mkono akanivuta hadi kilipo, na nisipoelewa haraka hujitupa sakafuni akalia mpaka majirani wanagonga mlango. Watoto wa ploti wameshampa jina, na ndilo hilo unalolifikiria.

Mimi hufanya kazi saluni mjini. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi saa mbili usiku, na Jumapili ndiyo siku yangu. Mtoto hushinda kwa mama mmoja hapa mtaani anayelea watoto. Wako kama kumi na wawili, na televisheni huwaka tangu asubuhi. Sina la kumlaumu, watoto wanakula na wanalala mahali safi.

Kila mtu ana lake la kusema. Baba yake anasema hata yeye alianza kusema akiwa na miaka 4, na kwamba wavulana ni wazito wa ulimi. Mama mkwe, Mungu ambariki, anataka tumpeleke kwa mzee fulani Kayole akatwe kimio, kwamba ndicho kinachomzuia. Anasema mjukuu wake mwingine alikatwa na wiki iyo hiyo akasema. Mwalimu wa chekechea tulipoenda kuulizia nafasi alituambia tunamchanganya kwa lugha: mimi namsemesha Kiswahili, nyanya yake Kikamba, dada yake Sheng na Kiingereza. Eti tuongee Kiingereza peke yake.

Mwezi uliopita nilijikaza nikachukua pesa za chama nikampeleka kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, kliniki ya kibinafsi. Mume wangu alikubali kuja. Mshauri, nilitegemea kwamba mtoto ataangaliwa ulimi, apewe dawa au mazoezi ya mdomo. Yule dada alikaa na mtoto kwenye mkeka, akatoa kichupa cha mapovu ya sabuni, akapuliza, akakifunga, akanyamaza. Akatoa gari la kuchezea, akalisukuma, akanyamaza. Muda mwingi alikuwa kimya tu anamtazama mtoto. Halafu akatuuliza maswali mengi kuhusu masikio na kuhusu mambo ya kuzaliwa kwake. Akaniambia nami nikae chini nicheze. Mwishowe akatupa karatasi yenye picha za kikombe, ndizi, choo na kiatu, akasema tupime masikio ya mtoto kabla ya kurudi. Tukalipa pesa ambazo zingemaliza nusu ya kodi ya nyumba.

Kwenye matatu mume wangu hakufungua mdomo mpaka tukafika Donholm. Hapo akasema: "Tulipe pesa mtoto akacheze na mapovu? Hata mimi naweza kununua sabuni." Na ile karatasi ya picha amekataa isibandikwe, anasema mtoto atazoea picha awe bubu kweli.

Masikio yake sioni kama yana shida. Akisikia wimbo wa katuni anaoupenda hutoka hata jikoni mbio. Ni kweli huwa yanatoa usaha akishikwa na homa, lakini hukauka yenyewe. Na alipozaliwa alikuwa wa manjano macho na ngozi, akawekwa chini ya taa siku kadhaa na kudungwa sindano, kisha tukaruhusiwa kwenda nyumbani.

Niambie ukweli. Tiba hii inamsaidia mtoto vipi hasa? Turudi, au tungoje afike miaka 4 kama baba yake?

Mama Wawili, Umoja


JAWABU

Mama Wawili,

Rudini. Lakini kabla ya kurudi, pimeni masikio kama mlivyoambiwa.

Nianze na mapovu, kwa kuwa ndiyo yaliyomkera mwenzio. Mtoto wa miaka 3 huwezi kumkalisha kwenye kiti umuulize maswali kama anayetafuta kazi. Ukitaka kujua anavyowasiliana, unamwekea kitu anachokipenda mahali ambapo hawezi kukipata bila mtu mwingine. Kichupa kilichokazwa kifuniko hufaa sana. Mapovu yamepaa, yamepasuka, mtoto anataka tena, na kifuniko kimemshinda. Hapo mtaalamu hunyamaza, na katika ukimya huo mliouona kama uvivu ndimo kazi yake ilimo.

Anaangalia mambo mengi kwa mpigo. Mtoto ananyoosha kidole? Akishanyoosha, anageuka kumwangalia mtu usoni ahakikishe ameonekana? Anamkabidhi mtu kichupa? Anatoa sauti yoyote, hata hiyo "wii" yenu? Au anauvuta mkono wa mtu bila kujali uso wa mwenye mkono? Mtoto anayenyoosha kidole na kukutazama ameshaelewa kwamba wewe una mawazo yako na kwamba anaweza kuyaelekeza anakotaka. Kilichobaki ni maneno. Yule anayevuta mkono tu, kazi yake inaanzia mbali kidogo, kwenye kumwonyesha kwamba kuna raha katika kushirikiana jambo na mtu. Umeniandikia kwamba wako hukuvuta mkono. Hukuniandikia kama hunyoosha kidole, akuonyeshe ndege au mbwa kwa sababu tu amependezwa. Mtazame wiki hii, umpelekee mtaalamu jibu.

Lile gari nalo lilisukumwa ili ionekane kama atalirudisha. Mazungumzo ni kupokezana zamu, na mtoto huijua zamu kwa kitu kinachobingirika kabla hajaijua kwa maneno. Katika ziara kama hiyo mtaalamu pia humwagiza mtoto kitu bila kuashiria kwa mkono wala jicho, "lete kiatu" kwa mfano, aone kama anaelewa maneno yenyewe au anasoma mikono yenu. Hili lina uzito kuliko hesabu ya maneno anayoyatamka. Mtoto anayeelewa karibu kila kitu ila hasemi, na mtoto asiyeelewa wala kusema, hawatibiwi kwa njia moja.

Kuhusu mazoezi ya mdomo uliyoyatarajia: kupuliza filimbi na kutikisa ulimi huku na huku hakumfundishi mtoto maneno. Maneno hufundishwa kwa maneno.

Sasa kauli ya mwenzio, kwamba hata yeye anaweza kununua sabuni. Amesema kweli tupu, na ninaomba ainunue leo. Mtaalamu ataonana na mtoto nusu saa au saa moja kwa wiki, tena mkijaliwa pesa. Saa zilizobaki zote ni zenu: wewe, baba, dada mtu, nyanya, na yule mama anayewalea. Ndiyo sababu uliambiwa ukae chini ucheze. Alikuwa anaanza kukufundisha wewe. Tiba ya usemi kwa mtoto mdogo kwa sehemu kubwa ni mafunzo ya watu wanaomzunguka, na mimi humpima mtaalamu kwa jambo moja: je, mzazi ametoka mle ndani akijua la kufanya jioni iyo hiyo? Anayejifungia na mtoto wiki baada ya wiki, mzazi akiachwa kwenye benchi la nje na simu yake, huyo ningemuuliza maswali kabla ya kumlipa.

Najua utasema huna muda. Sikuombi muda mpya. Una usiku wa kumwosha, kumlisha na kumlaza, na una Jumapili. Chukua karai la kuogea. Badala ya "Hii nini? Sema sabuni! Haya, sema!", wewe taja tu kinachotokea: "Maji. Maji moto. Mimina maji. Maji yameisha!" Maneno machache, yaleyale, usiku baada ya usiku. Mtoto wa neno moja moja anahitaji kusikia vipande vya maneno mawili matatu, hotuba ndefu humpita. Akisema "mai", usimsahihishe wala usiruhusu mtu amcheke. Mrudishie neno likiwa kamili na uliongeze kidogo: "Maji, eeh. Maji baridi." Akisema "gai" mkiwa dirishani: "Gari kubwa. Gari linaenda." Hatakiwi kurudia. Amesikia, basi.

Kisha jifunze kungoja, na hili ndilo gumu. Shika ndizi mkono mmoja na mkate mkono wa pili, uliza "Ndizi au mkate?", halafu funga mdomo uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kwa mtu aliyeshinda saluni akipiga gumzo na wateja, kumi ni mbali. Wengi wetu hufika mbili tukajijibu wenyewe. Akiitazama ndizi, akinyoosha mkono, akitoa sauti yoyote, amejibu. "Ndizi! Ndizi yako hii," na umpe papo hapo. Usimnyime chakula mpaka atamke. Mtoto akifundishwa kwamba kusema ni mtihani na adhabu yake ni njaa, atazidi kunyamaza. Hata wageni wakija, usimsimamishe sebuleni awaamkie kwa lazima huku watu wazima wamemkodolea macho.

Nyimbo mnazoimba nyumbani zitumie vivyo hivyo. Imba mstari anaoujua, simama kabla ya neno la mwisho, mtazame, ngoja. Ipo siku atalimalizia yeye. Na dada mtu ni hazina, ila mtoto wa miaka 8 mwenye maneno mengi huwa anamjibia mdogo wake bila kukusudia. Mpe mchezo: anayejibu swali la mwenzake amepoteza.

Kwa mama mlezi usiende na orodha. Ana watoto kumi na wawili na mikono miwili. Mwombe jambo moja, televisheni izimwe wakati wa kula. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 asitazamishwe skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Siamini kwamba televisheni ndiyo iliyomnyamazisha mwanao, usije ukagombana na mtu bure. Lakini katuni haimngoji mtoto ajibu, na saa anazokaa nayo ni saa ambazo hakai na mtu.

Tuje kwenye masikio. Hapa sikubaliani nawe hata kidogo. Kwamba anakimbilia wimbo wa katuni haithibitishi lolote. Mtoto mwenye kasoro ya usikivu si lazima awe kiziwi. Ngoma na irabu nzito zinaweza kumfikia vizuri huku sauti nyembamba kama s, f na t zikimpotea, na mtoto asiyezisikia atajuaje kwamba "saa" na "taa" ni vitu viwili? Usaha unaorudi kila mara unaweza kuwa na maana kwamba kiwambo cha sikio kimetoboka. Hata bila usaha, majimaji yanaweza kukaa nyuma ya kiwambo bila maumivu wala homa, na mtoto akawa anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa majini, leo afadhali, wiki ijayo vibaya. Ndiyo maana wewe unaweza kuapa kwamba anasikia, mama mlezi akaapa kwamba haitiki, na nyote mkawa wakweli.

Halafu kuna hizo habari za kuzaliwa. Umanjano uliozidi sana kwa mtoto mchanga unaweza kudhuru njia ya usikivu inayotoka sikioni kwenda kwenye ubongo, na baadhi ya dawa za sindano wanazopewa wachanga wenye maambukizi, kama gentamicin, zinaweza kudhuru sikio la ndani. Watoto wengi hukaa chini ya taa wakatoka salama salimini, kwa hiyo usikose usingizi. Lakini sasa unaona kwa nini yule dada aliuliza. Tafuta kijitabu cha kliniki na karatasi za kuruhusiwa hospitalini, uende navyo.

Vipimo vyenyewe haviumi. Kimoja ni kidude laini kinachowekwa mlangoni mwa sikio kupima jinsi sikio la ndani linavyoitikia sauti. Kingine hupima kama kiwambo kinacheza inavyopasa. Ikihitajika, kuna kinachofanywa mtoto akiwa amelala, nyaya zikiwa zimebandikwa kichwani. Hakuna kinachomtaka mtoto aseme neno. Yakipatikana majimaji, mara nyingi hukauka katika miezi michache chini ya uangalizi. Yasipokauka, daktari ataamua kama panahitajika kijibomba kidogo kwenye kiwambo au kifaa cha kusaidia kusikia. Usaha nao hutibiwa, haungojwi ukauke. Wakati huo usimtie mafuta ya moto, maziwa ya mama wala maji ya kitunguu, na vijiti vya pamba viishie nje ya sikio.

Kimio hakikatwi. Kinyama kile kinachoning'inia nyuma ya koo hakimzuii mtoto yeyote kusema, na kukikata kwa wembe wa mtaani kumeleta kuvuja damu, usaha wa koo, pepopunda na vifo. Mjukuu aliyesema wiki iyo hiyo angesema wiki iyo hiyo hata asingeguswa. Wengine watakuambia ni ule utepe wa chini ya ulimi. Ukiwa mfupi unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, au baadaye kutamka sauti fulani, lakini si ndio unaoyazuia maneno yasije. Sasa, usimwendee mama mkwe ukamwambia Mshauri amesema yeye ni mshamba. Huyo ni mtu mwenye muda, mwenye hadithi na mwenye kumpenda mtoto, na watu wa aina hiyo ni adimu Nairobi. Mpe kazi: amwimbie kwa Kikamba, ataje kila anachokipika, amngoje ajibu. Atakuwa ameshiriki katika kumponya, na wembe utasahaulika.

Naam, kwa Kikamba. Mwalimu amekosea, na kosa hilo limeenea mno mjini hapa. Lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto kusema. Mwenye tatizo la lugha huwa nalo katika lugha zake zote, na asiye nalo huzimudu zote. Kila mtu amsemeshe kwa lugha inayomtoka bila kujikaza, maana mzazi akihamia Kiingereza cha kubahatisha huishia kumsemesha mtoto maneno machache zaidi. Ukihesabu maneno yake, jumlisha ya Kiswahili, ya Kikamba na ya Sheng. Na atakapoanza kuyaunganisha, usishtuke akisema "taka maji" badala ya "nataka maji". Watoto wanaojifunza Kiswahili huanza kwa kuangusha viambishi vya mbele, na r kugeuka l au kupotea kabisa ni kawaida kwa umri wake.

Karatasi ya picha ibandikwe ukutani, usawa wa macho yake. Utafiti kuhusu picha na ishara za mikono hauonyeshi kwamba zinawazuia watoto kusema. Wengine huanza kusema zaidi, kwa sababu wamegundua kwamba ujumbe wao unafika. Mtoto wenu hujitupa sakafuni kwa kuwa hana njia nyingine ya kusema "kiatu". Kila akigusa picha, wewe tamka neno lake.

Kisha hili la kungoja. Kufikia miaka 2 watoto wengi huunganisha maneno mawili, "mama kuja", "gari ingine". Kufikia miaka 3 hata mgeni huelewa sehemu kubwa ya wanachosema. Wako ana maneno kumi. Ni kweli wapo wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao bila msaada, na pengine mume wako alikuwa mmoja wao, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia mapema kwamba mtoto fulani atakuwa miongoni mwa hao. Wavulana huchelewa kidogo kwa wastani, na kidogo hicho si miaka. Tena baba kuchelewa ni sababu ya kuwahi, si ya kungoja, kwani matatizo ya lugha hupita katika familia. Kuna tatizo la ukuaji wa lugha lisilotokana na masikio wala na malezi, ambalo huwapata takriban watoto 2 katika darasa la watoto 30, na wengi wao huitwa wavivu au wajinga shuleni kwa sababu hakuna aliyewapima.

Barua haipimi mtoto, kwa hiyo sitampa jina la ugonjwa. Inaweza kuwa masikio, inaweza kuwa lugha peke yake, inaweza kuwa usonji (autism), yaani hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na kushirikiana na watu, na mtaalamu akilitaja neno hili la mwisho usikimbie, kwa sababu hata huko tiba ya usemi ina kazi kubwa. Ila kama maneno aliyokuwa nayo yataanza kupotea, usingoje tarehe ya miadi. Nenda wiki hiyo hiyo.

Kuhusu pesa. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi, kwa hiyo una nafuu kuliko mama wa Lodwar. Anza na kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, uombe barua ya rufaa kwenda kliniki ya masikio, pua na koo. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta inayo. Serikali pia ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, ina kituo chake cha tathmini kule Kasarani. Kutoka Umoja ni safari ya Outer Ring hadi Thika Road. Yule dada wa mapovu usimwache. Mwambie waziwazi kwamba kila wiki hamuwezi, awapangie mara moja kwa mwezi na kazi ya nyumbani ya kutosha katikati. Wengi hukubali. Muulize alikosomea, na bei kabla ya kuingia. Anayekuahidi kwamba mtoto atasema kufikia Krismasi, au anayekuuzia chupa ya mafuta pamoja na tiba, mkimbie.

Wiki za kwanza huenda usisikie neno jipya. Angalia mengine: anakutazama zaidi, anaiga mlio wa pikipiki, ananyoosha kidole, anajitupa sakafuni mara chache. Maneno hufuata hayo. Yaandike kwenye daftari na tarehe zake, maana mzazi anayemwona mtoto kila siku ndiye wa mwisho kuona mabadiliko. Wapo watoto wanaohitaji miezi michache ya tiba, wapo wa miaka, na wapo wanaoendelea kutumia picha au ishara pamoja na maneno wakasoma na kucheza na wenzao.

Mwenzio aje tena kliniki, na safari hii yeye ndiye akae kwenye mkeka na kichupa. Lile swali lake la matatu amuulize mtaalamu mwenyewe ana kwa ana. Ni swali la haki kwa mtu aliyetoa nusu ya kodi. Nawe majibu ya masikio yakitoka, niandikie. Yakionyesha kasoro, baadhi ya niliyokuambia yatabadilika: mtoto umsemeshe ukiwa umbali gani, upande gani, na televisheni ya mama mlezi haitazimwa wakati wa kula tu.